Picha Iliyomtosa Mwalimu

Pambo halikosi kauli. Nayasema haya mapema kwa kuwa nalijua jawabu la wale wanaotundika sebuleni mwao, au katika mapokezi ya hoteli zao, picha ya Vasco da Gama akishuka pwani ya Calicut. Watasema ni rangi tu juu ya kitambaa, imenunuliwa ili ukuta usikae uchi. Lakini watoto husoma ukuta kabla hawajasoma kitabu, na wanachokisoma hapo hakifutiki upesi.

Picha hizo ni za ukoo mmoja. Ile ya Alfredo Roque Gameiro ilichorwa karibu na mwaka 1900, pale Ureno ilipokuwa imetoka kuadhimisha miaka 400 ya safari yenyewe. Siku hizi picha za namna hiyo huchapwa kwa mashine juu ya kanvasi, kwa kipimo atakacho mnunuzi. Mtindo wake haubadiliki: nahodha amesimama wima, mavazi yake hayana hata tone la chumvi, merikebu zi nyuma yake, wenyeji wanatazama.

Kazi yangu ni tarjuma, na mfasiri huhukumiwa kwa alichokiacha. Basi na tuipime picha hii kwa mizani hiyo, tena kwa habari za Wareno wenyewe.

Merikebu zilitia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei 1498. Aliyetangulizwa pwani hakuwa nahodha. Alikuwa mfungwa, mmoja wa wale waliochukuliwa safarini ili watumwe penye hatari. Waliompokea walikuwa watu wawili wa Tunis, Waislamu waliojua lugha za Ulaya, nao wakamlaani na kumuuliza kilichomleta huko. Da Gama alishuka tarehe 28, pamoja na watu 13. Akachukuliwa kwa machela, na njiani akaingizwa katika hekalu la Kihindu, naye akadhani ni kanisa. Zawadi alizomwandalia mfalme, yaani nguo, kofia, mabeseni sita, sukari, mafuta na asali, zilichekwa na watu wa mfalme. Lipi kati ya hayo limo pichani? Mtu asiyejua alipo amechorwa kama mwenye mahali.

Lakini kosa kubwa ni jingine. Da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule. Kusi ilikuwa ikianza, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi ya Bara Hindi. Wakati wa kurudi, nahodha huyo huyo aliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijakaza. Wakasota baharini karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye. Na mwezi wa Januari 1499, katika pwani yetu hii, wakaichoma merikebu yao São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Tofauti ya siku 24 na miezi mitatu ndiyo elimu ya mtu yule asiyeonekana pichani.

Na jina lake je? Mwanahistoria João de Barros aliandika *Malemo Cana*. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi hapa: *malemo* ni mwalimu, kwa maana ile ya kale ya baharini, mjuzi wa nyota na njia. *Cana* nalo hufasiriwa kuwa *kanaka*, neno la Bara Hindi lenye maana ya mnajimu. Kilichoandikwa basi ni cheo juu ya cheo. Jina alilopewa na mamaye halimo. Wapo waliotaka kumfanya kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Julfar, lakini wataalamu wengi hawakubali, na Barros alimwita Mwislamu wa Gujarat. Kwanza alinyimwa jina, kisha wachoraji wakamtosa.

Nasikia ukinzani: kwa nini tumlilie mtu aliyemwonyesha mgeni njia ya kutudhuru? La hasha, simwombei utakatifu. Alitumwa na mfalme aliyekuwa na uhasama wake na Mombasa, na yaliyofuata tunayajua. Mwaka 1502 da Gama aliirudia bahari hii, akamlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na katika pwani ya Malabar akaichoma merikebu ya mahujaji, na ndani yake mamia ya watu, wake kwa waume na watoto. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikatekwa na kuporwa na Francisco de Almeida. Dhahabu ya Kilwa ikafuliwa kuwa chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506 na kilichomo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwalimu na atiwe pichani pamoja na lawama yake. Asiyeonekana hasifiwi wala halaumiwi.

Washairi wenzangu, tenzi tulizo nazo zimeimba vita na mapenzi. Mtu huyu bado anasubiri beti zake. Na mwenye hoteli asiyeweza kuachana na picha yake, basi angalau abandike chini yake maneno mawili, ili mgeni na mtoto wayasome: *Huyu aliletwa.*