Wiki Moja Moshi: Tupange Kabla ya Kukimbia



"Wiki nzima? Na hawa watoto unamwachia nani?"

Swali hilo aliulizwa mwenzetu mmoja hapa Bagamoyo, jioni moja ya mwezi wa Septemba, alipomweleza mumewe kwamba sisi akina mama saba wa kanisani tunataka kwenda Moshi kukimbia. Kesho yake alikuja kutusimulia huku machozi yanamlengalenga. Sisi hatukumlaumu baba yule. Swali lake lilikuwa la haki, ila jibu hatukuwa nalo. Tulikuwa tumepanga siku moja tu, ile ya mbio. Siku nyingine sita hatukuzifikiria kabisa. Mwezi huu, basi, tungependa kuwashirikisha tuliyojifunza, kwa faida ya mama yeyote anayetamani safari kama hiyo.

Mbio zenyewe huitwa Kilimanjaro Marathon. Zilianza mwaka 2003 na hufanyika Moshi kila mwaka, Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kuna kilometa 42, kuna 21, na kuna 5 kwa ajili ya watu wa kawaida kama sisi. Wakimbiaji huanzia na kumalizia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba mbio ndefu ni za wanaume, mkumbushe kuwa wanawake wanakimbia marathoni katika Olimpiki tangu mwaka 1984, na kwamba dada yetu Magdalena Shauri alikuwa wa tatu huko Berlin mwaka 2023. Sisi wenyewe tulijipima tukachagua: wawili kilometa 21, watano kilometa 5.

Afya kwanza. Kabla ya kununua hata raba, tulipimana presha. Ya mwenzetu yule yule tuliyemtaja ilikuwa 168 kwa 104. Hakuwa anaumwa popote. Alikuwa akipika, akifua, akiuza vitumbua kila asubuhi. Tulimpumzisha, tukampima tena, tukarudia siku nyingine, na haikushuka. Ndivyo presha ilivyo: mara nyingi haina dalili hadi imeshaharibu moyo, figo au ubongo. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudiarudia kinamhitaji daktari. Tulimsindikiza hospitali, akaanzishiwa dawa. Akatuuliza kwa huzuni, "Basi safari yangu imekufa?" Daktari ndiye aliyemjibu: atumie dawa bila kuruka siku, apunguze chumvi, aanze kutembea taratibu, kisha arudi apimwe. Mama mwenye ujauzito, kisukari, pumu au aliyejifungua karibuni naye aanzie kwa daktari, si barabarani.

Mazoezi. Tulianza Oktoba, alfajiri, siku tatu kwa wiki. Kutoka mjini hadi Kaole ni kama kilometa 5, kwa hiyo kipimo tulikuwa nacho bila gharama. Wiki za kwanza tulitembea tu. Kisha tukawa tunakimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, tukiongeza kidogo kidogo. Anayetaka kilometa 21 ajipe walau miezi mitatu, hata minne. Kumbukeni pia kwamba sisi wa pwani tumezoea tambarare, na Moshi iko juu yetu kwa mita mia nane na zaidi, tena njia ya kilometa 21 inapanda kuelekea Mweka. Tafuteni kilima mkizoee. Joto la kaskazi ni kali, hivyo jua likishachomoza vizuri, rudini nyumbani.

Waliobaki nyumbani. Februari shule zimefunguliwa, na hapa ndipo swali la yule baba lilipotaka jibu. Tulikaa tukaandika kwenye daftari: nani atawaamsha watoto, nani atapika, nani ana zamu ya kliniki ya mtoto mchanga, dawa ya bibi inatolewa saa ngapi. Mama wawili wa jumuiya waliokuwa hawasafiri walikubali kupita kila jioni, nasi tukaahidi kuwashikia zamu watakapohitaji. Kisha tulifanya jambo moja muhimu: wiki mbili kabla, akina baba na watoto wakubwa walijaribu ratiba hiyo siku mbili tukiwa tupo. Ugali uliungua mahali fulani, lakini uliliwa.

Fedha na malazi. Tulichanga shilingi 10,000 kila wiki kwa wiki 24, na mweka hazina wetu akaandika kila senti. Wenzetu waliotutangulia walituonya kuhusu malazi: waliweka nafasi kwa maneno ya simu tu, wakafika na kukuta vyumba vimeshatolewa, wakalala wote sebuleni kwa ndugu. Wiki ya mbio mji hujaa. Lipeni sehemu ya fedha mapema na mdai stakabadhi. Jiandikisheni mapema pia. Kwa usafiri, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hupita Msata, ambako barabara ya Bagamoyo huungana na barabara kuu. Ila msisimame pale kubahatisha: nunueni tiketi kwanza na mpatane pa kuwachukua.

Siku saba zenyewe tulizigawa hivi. Alhamisi tulisafiri mchana, tukishuka kunyoosha miguu kila basi liliposimama. Ijumaa tulichukua namba za kukimbilia na kutembea mjini kidogo. Jumamosi tulipumzika, tukala wali na ndizi tulizozizoea, tukalala mapema. Jumapili ilikuwa mbio. Jumatatu hatukufanya lolote ila kuosha nguo na kucheka. Jumanne tulipanda Marangu kutazama migomba na kahawa, na Jumatano tukarudi.

Kwenye mkoba wa kila mmoja kulikuwa na dawa zake za siku kumi, si saba, kadi ya bima ya afya, pedi, mafuta ya mgando ya kupaka penye msuguano, sweta la alfajiri na raba zilizokwishavaliwa. Raba mpya siku ya mbio ni malengelenge. Maji nayo kunyweni kadiri ya kiu. Kunywa maji matupu kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na kunaweza kuua. Mkisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, simameni na muite msaada. Hakuna medali inayozidi mama.

Na mwenzetu? Januari presha yake ilikuwa 132 kwa 84, na daktari akamruhusu kutembea kilometa 5. Alimaliza karibu wa mwisho, kanga kiunoni, akipunga mkono. Jioni alipiga simu nyumbani. Mumewe hakuuliza habari za medali. Aliuliza, "Dawa umekunywa?"

Mpendwa msomaji, huenda hutakwenda Moshi mwaka huu. Hata hivyo nenda ukapime presha wiki hii, kisha keti na wa nyumbani kwako muulizane: mama akiondoka siku saba, nani anajua nini? Majibu mtakayopata yatawafaa hata safari isipokuwepo.

Tuonane mwezi ujao.