Viza ya kutembelea: mama wa Kadutu ataonyesha namna gani kwamba atarudi?

BUKAVU – Mama mwenye meza ya vitenge katika soko la Kadutu anataka kwenda Ubelgiji wiki tatu, ashike mjukuu wake wa kwanza, kisha arudi. Ni jambo dogo. Lakini kwenye kituo cha viza za Schengen kule Kinshasa, anaombwa ushahidi wa kinachomfunga nyumbani: barua ya mwajiri, karatasi za benki, hati ya shamba, cheti cha ndoa.

Barua ya mwajiri? Mwajiri wake ni yeye mwenyewe.

Benki? Mwezi wa pili 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango. Hata walimu, ambao serikali ilianza kuwapitisha benki tangu 2011, walibaki kuhangaika na mishahara yao. Mama huyu feza yake iko kwa likelemba: wanawake kumi na wawili, kila wiki mmoja anapokea. Anayepokea zamu yake halafu akatoroka hawezi tena kuonyesha uso Kadutu, wala watoto wake. Hicho ni kifungo kikali kuliko akaunti yoyote, lakini likelemba haina stempu.

Shamba liko Walungu, na ni kalinzi: baba mkwe alitoa ng'ombe kwa mwenye udongo, mashahidi wakakunywa kasiksi, mambo yakaisha. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na karatasi inayokubaliwa inatoka kwa ofisi ya ardhi. Kaburi la mume wake liko katika shamba hilo hilo. Ndoa yenyewe ilifungwa kwa mali, mbele ya familia mbili, lakini haikuandikishwa komini kama Sheria ya Familia ya 1987 inavyotaka. Hapo lawama si ya wazungu peke yao. Serikali ya Kongo ndiyo imeacha wakaaji wake bila karatasi, na anayezitafuta anazungushwa ofisi kwa ofisi, kila mlango na "kidogo" chake.

Basi mama anavuka Ruzizi, anatafuta ndege upande wa Rwanda ili afike Kinshasa, kilometa kama 1,500, kwa sababu alama za vidole hazitumwi kwa simu. Analipa euro 90. Jibu linakuja kwenye fomu iliyochapwa tayari: alama imewekwa mbele ya sentensi inayosema kuna mashaka kama atatoka Ulaya viza ikiisha. Euro hazirudi. Anaweza kukata rufaa Brussels ndani ya siku 30. Kwa advokati gani, na kwa feza gani?

Mashaka hayo hayakutoka hewani. Wapo waliosafiri wakabaki. Papa Wemba alihukumiwa Ufaransa mwaka 2004 kwa kupitisha watu kama wanamuziki, na neno "ngulu" kila Mkongomani analijua. Lakini wale ngulu walikuwa na karatasi! Hata leo anayetaka kubaki ndiye anayenunua barua ya kampuni isiyokuwepo na kuazima dola za kujaza akaunti siku chache. Wauzaji wa faili hizo wanajulikana mjini. Masharti haya yanamfungulia mwongo na kumfungia mama asiyejua kudanganya.

Kama ubalozi unataka kweli kujua nani atarudi, uulize wanaomjua: mkubwa wa soko, shefu wa kartie, wenzake wa likelemba. Umpe hizo wiki tatu, na akirudi aje kuonyesha pasaporti yenye muhuri wa kuingia. Asiporudi, ubalozi utakuwa na haki ya kukataa mara ya pili.

Kwa sasa mjukuu anaonekana kwa WhatsApp, siku ambazo mtandao unakubali. Na mama, ambaye karatasi inasema hana kinachomrudisha, yuko kwenye meza yake Kadutu: posho ni zamu ya mwenzake kupokea, na yeye hajawahi kuchelewa kutoa.