Johnson, Obama na barabara ya Mpofi

BARAZANI, na Furaha Bauma

Lyndon Johnson wa All the Way hatulii. Anabembeleza, anatisha, anatukana, anamsogelea seneta mpaka pua zinakaribia kugusana, na dakika moja baadaye yuko kwenye simu akilia kwamba hakuna anayempenda. Bryan Cranston anamwigiza kiasi kwamba unamchoka na kumwonea huruma kwa pamoja. HBO waliirusha filamu hiyo mwaka 2016, kutoka mchezo wa jukwaani wa Robert Schenkkan. Mimi niliiangalia kwa flash ya kuazima, jirani akilalamika kwamba haina hata risasi moja.

Risasi hazikuhitajika. Ninachoisifia ni kwamba haikumfanya rais malaika. Johnson huyo ndiye aliyetia sahihi, tarehe 2 Julai 1964, sheria iliyokataza kumfukuza Mweusi hotelini na mgahawani. Na ndiye huyohuyo aliyewapiga chenga wajumbe Weusi wa Mississippi mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa chama Atlantic City, kwa kuogopa kupoteza kura za Kusini. Sisi tuliokulia Zaire, Kongo ya leo, tulizoea rais wa aina nyingine: Mobutu alikuwa akishuka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya habari za televisheni. Mtu wa mawinguni huwezi kumwandikia tamthilia. Unaweza kumpigia makofi tu, au kumsubiri aanguke.

Filamu inakwisha usiku wa ushindi wa uchaguzi, tarehe 3 Novemba 1964. Wiki tatu kamili baadaye, alfajiri ya tarehe 24, ndege za C-130 za Marekani ziliwamwaga askari wa miamvuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa wazungu walioshikwa mateka na waasi wa Simba. Ruhusa ilitoka kwa Johnson. Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kimarekani, aliuawa asubuhi hiyohiyo, na picha yake ikapamba majalada ya magazeti makubwa ya kwao. Wakongomani waliouawa kwa maelfu miezi ile, na Simba, na mamluki, na jeshi la serikali, hawakupata jalada. Wazee wetu wanaouita wakati huo "wakati wa Mulele", kwa jina la kiongozi mmoja wa uasi, bado hupunguza sauti wakiutaja.

Kuna kisa kingine ambacho mwandishi yeyote wa tamthilia angekitamani. Mwezi wa saba 1967, Johnson alimtumia Mobutu ndege tatu za C-130 kumsaidia dhidi ya mamluki walioasi, walewale walioiteka Bukavu baadaye mwaka huo chini ya Jean Schramme. Mmoja wa waliompinga kwa ukali katika Seneti alikuwa Richard Russell, mzee wa Georgia aliyemlea Johnson kisiasa, yule ambaye kwenye filamu anaigizwa na Frank Langella. Waligombana kwanza juu ya haki za Weusi wa Marekani, kisha wakagombana juu ya Kongo.

Lakini ukitaka kusikia rais wa Marekani anavyotajwa huku kwetu, acha Johnson. Nenda barabara ya Masisi hadi Walikale, upite Nyabiondo, Kashebere, Kibua, mpaka Mpofi, uwaulize waliochimba au kununua kasiteriti, madini ya bati. Watakutajia sheria ya Obama. Hawasemi Dodd-Frank, wala kifungu cha 1502. Tarehe 21 Julai 2010 Barack Obama alitia sahihi sheria nene ya mabenki, na ndani yake kulikuwa na kifungu kinachozilazimisha kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani kueleza kama bati, tantali, tungsten au dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake. Kifungu hicho hakikukataza kununua. Wanunuzi waliona ni rahisi zaidi kukaa mbali.

Obama naye ni mtu wa tamthilia. Alipokuwa seneta aliudhamini mwenyewe mswada wa kuisaidia Kongo, ukawa sheria mwaka 2006 kwa sahihi ya Bush. Na kifungu cha 1502 kilisukumwa na Sam Brownback, mhafidhina wa Kansas, bega kwa bega na wapinzani wake wa kisiasa. Nia haikuwa mbaya. Pale Kilambo, ambako ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe kupakia mawe ya mgodi wa Bisie, nia haikumlisha mtu.

Hata hivyo, kila nikisikia kwamba Obama ndiye aliyefunga migodi ya Walikale, najiuliza kwa nini hadithi yetu ina mwigizaji mmoja tu, tena mgeni. Mwezi wa tisa 2010, kabla masharti ya Wamarekani hayajaanza kufanya kazi, ni Rais Joseph Kabila aliyekuja ziarani Walikale na kutangaza kusimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Marufuku yake ilidumu hadi mwezi wa tatu 2011. Na kabla ya hapo, waliokuwa wakiwatoza wachimbaji wa Bisie kwa miaka hawakutumwa na Washington: ilikuwa brigedi ya 85 ya jeshi letu.

Halafu kuna jambo ambalo tunalipita haraka mno. Siku tisa baada ya Obama kutia sahihi, tarehe 30 Julai, watu wenye silaha waliingia vijiji vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwemo. Walikuwa waasi wa Kinyarwanda wa FDLR, wanamgambo wa Mai-Mai Sheka na watu wa kanali mmoja aliyeasi. Walikaa hadi tarehe 2 Agosti. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13; wengi wao wanawake, lakini walikuwemo wanaume na watoto pia. MONUSCO, walinda amani wa Umoja huohuo, walikuwa na kituo pale Kibua.

Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mtu wa biashara ya madini kabla ya kuwa mkuu wa Mai-Mai. Januari 2011 alitolewa hati ya kukamatwa. Novemba mwaka huohuo aligombea ubunge Walikale, jina lake likiwa kwenye karatasi ya kura, akifanya kampeni bila kuguswa. Nani aliyaacha majina hayo mawili, la mtuhumiwa na la mgombea, yapite kwenye meza moja bila kuuliza? Nani alipiga simu, na nani aliamua kutoipokea? Johnson alikuwa akirekodi simu zake, kwa hiyo Schenkkan alikuwa na pa kuanzia. Wa kwetu atalazimika kwenda kwa wazee wa Mpofi, kwa makarani wa uchaguzi, kwa madereva waliosafirisha mawe, na kwenye mafaili ya mahakama ya kijeshi ya Goma, iliyomhukumu Sheka kifungo cha maisha tarehe 23 Novemba 2020, miaka kumi baada ya yale ya Luvungi.

Ningeiangalia tamthilia hiyo hata kwa jenereta ya kukodi. Obama apewe onyesho moja, la sahihi, kisha kamera irudi Walikale na ibaki huko.