Barua Langoni Si Amri

Mlinzi aliye zamu akiletewa barua usiku, na ndani yake mmeandikwa "Fungua ghala la silaha", hakimbilii funguo. Huipokea kama barua, akauliza imetoka kwa nani, kisha akaifikisha kwa mkubwa wake. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mwenye mamlaka huwa amri. Tofauti hiyo kila jamaa ya askari yaijua.

Wakazi wa Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, nao waijua kwa njia yao. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo mtoto aweza kuandika kwa mkaa ubavuni mwa mtumbwi, "Ziwa limefunguliwa". Wavuvi watasoma na kucheka, na nyavu zitabaki nchi kavu.

Kompyuta haina busara hiyo mpaka ifundishwe. Vijana wanaojifunza kuandika programu kwa lugha kama Python na JavaScript hukuta kwamba maandishi yaliyofungwa ndani ya alama za nukuu ni herufi tu. Kompyuta huyahifadhi au huyaonyesha, wala haiyatii. Lakini ipo amri iitwayo eval, ambayo huyachukua maandishi hayo na kuyatekeleza kana kwamba mwenye programu ndiye aliyeagiza. Ukiipa "12*35", haikurudishii herufi hizo, hukurudishia 420. Wazo lenyewe ni la zamani: John McCarthy alilieleza mwaka 1960 alipoandika juu ya lugha ya Lisp, na Steve Russell ndiye aliyeligeuza kuwa programu yenye kufanya kazi.

Chukua mfano wa mama auzaye chisense wakavu sokoni Kashikishi, mumewe akiwa polisi. Kijana wao amemtengenezea programu ya Python: mnunuzi wa mbali huandika kwa simu idadi ya ndoo na bei, mathalani 12*35, na eval hupiga hesabu. Mama anafurahi, kwa kuwa foleni imepungua. Daftari la madeni nalo limo katika kompyuta hiyo hiyo. Siku moja mtu asiyejulikana, badala ya hesabu, anaandika agizo la kufuta daftari. Eval haiulizi anayesema ni nani. Inatii, na jasho la msimu mzima linapotea kwa mstari mmoja.

Wala kosa hili si la wanafunzi peke yao. Katika Python ya toleo la 2, amri ya kupokea jibu la mtumiaji, iitwayo input, ilitekeleza chochote kilichochapwa. Toleo la 3, lililotoka Desemba 2008, lililirekebisha jambo hilo: jibu hupokelewa kama maandishi tu.

Wengine hudhani dawa ni kuorodhesha maneno mabaya na kuyazuia. Dawa hiyo ni dhaifu, kwa maana agizo moja laweza kuandikwa kwa namna nyingi, na mwizi huchagua ile isiyo katika orodha. Langoni mlinzi hapewi picha za wezi wote wa dunia. Hupewa majina ya wanaoruhusiwa. Na programu ifanye vivyo hivyo. Ikihitaji idadi ya ndoo na bei, iziombe mbali mbali, izigeuze kuwa namba kwa amri ya int, ikatae kila kisichokuwa namba, kisha izidishe yenyewe. Ikihitaji kusoma orodha iliyoandikwa, Python inayo ast.literal_eval, ambayo husoma thamani tu bila kutekeleza maagizo.

Eval si haramu. Yafaa pale ambapo maandishi yametungwa na mwenye programu mwenyewe, wala hayakupita mkononi mwa mgeni. Basi mzazi ambaye mwanawe anamwonyesha programu mpya, hata kama hajui kompyuta, aweza kumwuliza swali moja: "Mgeni akiandika hapa, maneno yake yatasomwa au yatatiiwa?" Kijana akisita kujibu, na arudi kuitazama kazi yake kabla daftari la mama halijaingizwa humo.