Wajukuu wa wahunzi tunasubiri fundi wa bawaba

Hivi jamani, ni nani aliyetuambia kwamba mwenye digrii hashiki nyundo? Nauliza kwa sababu kwetu Upareni chuma kiliwahi kuwa utawala. Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoichapisha mwaka 1969, anaeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyotawala Ugweno hadi Wasuya walipowapindua. Wachaga walikuwa wakifuata chuma huko.

Leo geti likilegea bawaba pale Same mjini, msomi mwenye nyumba anasubiri fundi wiki nzima. Kazi yenyewe ni jiriwa, msumeno wa chuma, tupa, bawaba mpya na kuchomelea mara mbili tatu. Basi!

Jirani yetu mmoja, dereva mstaafu, ana kibanda nyuma ya jiko. Karai lililotoboka, mpini wa jembe, bomba linalovuja, yote anamaliza mwenyewe. Namvulia kofia. Ila kwa jambo moja tunagombana: anachomelea kwa miwani ya jua (na si yeye tu, pita gereji yoyote uone). Miwani ile haizuii miale ya cheche. Usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Na bomba lililopakwa zinki likiungua, moshi wake unaleta homa na kutetemeka mithili ya malaria. Zinki iondolewe kwanza kwa tupa, kazi ifanyike nje penye upepo.

Shikamoo mzee wangu, lakini ile ngao ya uso utanunua lini?