Sanamu Ndani ya Kioo



Wako katika Waislamu wanaopamba sebule zao kwa sanamu ndogo zilizofunikwa kwa kioo: mara ndege, mara bibi wa Kizungu na gauni lake. Mtindo huu ni wa Uingereza, zama za Malkia Victoria aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Wenyewe walifunika kwa kioo maua ya nta, makombe ya baharini na ndege waliokaushwa.

Ukimkanya mwenye nyumba hukujibu: "Sheikh, hili ni pambo tu. Nani anayeliabudu?"

La, hasha! Mtume (S.A.W.) hakungoja sanamu iabudiwe ndipo aikataze. Maulamaa waliruhusu wanasesere wa watoto, kwani Bibi Aisha aliwachezea. Wengi wao wakaipa nafuu picha iliyo kwenye mto, kwani hulaliwa, haitukuzwi. Ama wewe, sanamu yako umeipandisha juu ya kabati, umeivika kioo isiingie vumbi, na mtoto akiisogelea hupigwa. Kama huko si kutukuza, kutukuza ni kupi? Kioo chako mwenyewe kimekwisha kukujibu.

Na msahafu uko wapi? Uko juu ya kabati hilo hilo, hauna kioo, na vumbi lake ni la tangu Ramadhani.

Wala tusimlaumu fundi peke yake. Chukua mfano wa kijana Muislamu wa Milepa, huko bonde la Rukwa, mwenye mkono mwema wa kufinyanga na watoto wa kulisha. Atafinyanga kile kinachonunuliwa. Ukimwagizia bibi wa gauni, umemnunulia dhambi kwa fedha yako, nawe una fungu lako.

Ibn Abbas alijiwa na mtu ambaye riziki yake ni kutengeneza sanamu. Alimwonya, lakini hakumwacha afe njaa: alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Mlango ni mpana! Mwagizie kijana huyo mbuyu, mtumbwi, au lile tanuri refu la udongo ambalo wahunzi wa Ufipa waliyeyushia chuma. Hivyo vikae ndani ya kioo.

Wazee wetu wa Lamu walijaza zidaka zao bakuli na sahani za kaure, na nyumba zao zilipendeza bila ya sanamu hata moja.

Basi leo hii, itoe sanamu. Kisha upanguse msahafu, uufungue, uusome.

Wallahu aalam.