"Protini za Binadamu" na Kivuli cha Mumiani

Mama mmoja, jirani yetu mtaani Ngoingwa, Thika, aliniletea fomu ya idhini aliyopewa na mradi fulani wa utafiti wa kinga ya mwili. Fomu iliandikwa kwa Kiswahili. Alikuwa ameisoma yote, akakwama palipoandikwa kwamba damu yake ingelinganishwa na "protini za binadamu". Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe unayesomea Kiswahili. Hizo protini zimetolewa kwa binadamu yupi?" Sikuwa na jibu, naye hakutia sahihi.

Wapo watakaosema kwamba mama huyo haelewi sayansi. Maoni yangu ni kwamba aliisoma fomu kwa makini kuliko aliyeitafsiri. Katika Kiswahili, "protini za binadamu" bila maelezo zaidi ni protini zilizotolewa katika mwili wa mtu. Nani asiyejua jinsi hofu ya mumiani, wanaosemekana kuwanyonya watu damu ili watengeneze dawa, ilivyoenea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni? Tafsiri ya kivivu huiamsha hofu hiyo.

Hebu tutazame kilichokusudiwa. Kemokini ni protini ndogo ambazo kazi yake ni kama ya mbiu ya mgambo. Mahali penye jeraha au vimelea, seli hutoa kemokini, na chembechembe nyeupe za damu huifuata ishara hiyo hadi zifike. Hivyo ndivyo zinavyochangia mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto na wekundu. Mwili wa binadamu una takriban aina 50 za kemokini. Anayetaka kujua kiasi cha kemokini katika damu huhitaji kemokini nyingine ya kiasi kinachojulikana, kama muuza nafaka ahitajivyo jiwe la mizani. Ili kuipata, jeni ya binadamu huunganishwa na DNA inayoingizwa katika bakteria, aghalabu Escherichia coli. Bakteria hao huiunda protini, nayo husafishwa. Muundo ni wa binadamu lakini kiwanda ni bakteria. Hakuna mtu anayekamuliwa damu.

Elimu hii inatuhusu. Mtaani Majengo, Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika miaka ya 1980. Baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa VVU licha ya kukabiliwa navyo kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika sehemu zao za uzazi, kemokini mbili, MIG na IP-10, zilikuwa chache kuliko kwa wenzao. Huenda mbiu ikiwa hafifu, seli zinazoshambuliwa na virusi hazikusanyiki kwa wingi. Maarifa hayo yasingepatikana kama wanawake hao wasingekubali kutoa sampuli.

Je, dawa ni kubuni neno la asili kwa kila protini? La hasha. Wanasayansi wenyewe waliwahi kuipa protini moja majina mengi, hata ilipofika mwaka 2000 wakakubaliana kuhusu mfumo mmoja, na IL-8, kwa mfano, ikawa CXCL8. Jina la kimataifa tulitohoe, tuseme "kemokini". Maelezo yake ndiyo yawe ya Kiswahili kamili. Kwa ile ya maabara napendekeza "kemokini unde", kwa mfano wa "lugha unde" tunayoifahamu. Inapotajwa mara ya kwanza iandikwe: "protini yenye muundo wa ile ya binadamu, iliyoundwa na bakteria maabarani".

Kazi ya istilahi haianzi leo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Upungufu uko katika matumizi na katika namna tunavyozipima tafsiri zetu. Mara nyingi fomu hurejeshwa katika Kiingereza ili kuhakiki usahihi. "Protini za binadamu" zikirejeshwa zitaafikiana na matini asilia neno kwa neno, na mhakiki ataridhika. Kipimo hicho hakimuulizi msomaji wa Ngoingwa ameelewa nini.

Kwa hivyo nazitolea wito idara zetu za Kiswahili zishirikiane na idara za sayansi, na kila fomu ya idhini isomwe na watu watatu kabla ya kutumiwa: mwanasayansi, mwanaisimu na mwananchi wa kawaida. Huyo wa tatu aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Urasmi huo hautakuwa na maana iwapo mtu anaombwa damu yake kwa lugha yake, kisha anabaki akijiuliza ni nani aliyekamuliwa kabla yake.